Kura Zilizopigwa Bila Kusoma

4 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba, maana najua barua yako ingeanza na shikamoo. Sisi hapa wazima. Mama yako amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi, anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo barua hii imepitiwa na wahariri wawili kabla ya kukufikia.

Kwanza lile jambo la fedha. Uliyoituma mwisho wa mwezi nimeirudisha kwa njia ileile iliyojia. Usinune. Miaka ishirini na minane nimekaa chumba cha masahihisho cha gazeti, na hakuna mwezi nilioshindwa kuendesha nyumba yangu. Kustaafu hakujanifanya ombaomba wa wanangu. Tena safari hii nina jibu la kukufunga mdomo: nimenunua miwani mpya, na nimeinunua kwa kusoma.

Ndiyo, kwa kusoma. Zile sarafu zinazoingia kila Ijumaa kutoka Uwanja nimezibadilisha kwa wakala wa simu, nikaenda kwa daktari wa macho kwa miguu yangu mwenyewe. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia msomaji. Akaandika hivyo kwenye kadi, sikumcheka wala hakunicheka.

Uliponifungulia akaunti ile na kuniwekea sarafu zako kama zawadi ya kustaafu, nilidhani ni michezo ya watoto wa siku hizi. Sasa nimeuelewa Uwanja. Ni gazeti la mtandaoni lisilo na mhariri. Kila msomaji ana kura, na uzito wa kura yake unategemea sarafu alizoziacha mle ndani bila kuzigusa. Makala ikipata kura hupanda ukurasa wa mbele, mwandishi hupata chochote, na msomaji aliyeiona mapema naye hupewa fungu lake kwa kazi ya kuteua. Yote huandikwa kwenye daftari la wazi, hiyo blokcheni yenu, ambalo hata mwenye Uwanja hawezi kulifuta. Hapo ndipo mliponipata. Nimefanya kazi na wakubwa waliofuta mengi.

Basi kila asubuhi naketi dirishani na kusoma chumba chote cha Kiswahili mle Uwanjani. Makala naisoma mara mbili. Mara ya kwanza naanza sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza, ili utamu wa habari usinipumbaze nikapitwa na kosa, kama tulivyofundishwa. Mara ya pili naisoma kama binadamu. Ndipo napiga kura. Wameniita Nukta, kwa sababu nukta ikikosekana simwachi mtu alale. Kuna mama mmoja fundi bomba, anaandika jinsi ya kusikiliza ukuta ili ujue maji yanavuja wapi. Mimi ndiye niliyemwona wa kwanza. Leo ana wasomaji.

Na sikia hili. Mwezi wa nne chumba chetu kitachagua msomaji mmoja wa kukabidhiwa nguvu za kura za wanachama wote, awateulie. Jina langu linatajwa. Jina langu mimi, ambalo kwa miaka yote ile gazetini halikuchapwa hata mara moja.

Linalonitatiza ni dogo. Kura yangu asubuhi naiona nyepesi. Najua ukiitumia hupungua na hujijaza taratibu, lakini jana nilipiga kura tatu tu, na leo kipimo kiko chini ya nusu. Hebu niangalizie.

Ni mimi baba yako

---

16 Februari

Shikamoo Baba, na shikamoo kwa mhariri wa pili,

Barua yako nimeisoma kazini. Hapa ghorofa ya nne tunatengeneza mfumo wa foleni za wagonjwa, kazi ya kuhesabu watu wanaosubiri, na mkuu wangu hapendi kumwona mtu akicheka peke yake. Nilipofika pale kwa daktari wa macho nilishindwa kujizuia. Ikabidi niwasomee wenzangu. Mmoja akasema anaomba tubadilishane baba.

Fedha iliyorudi nimeiona. Sijanuna. Nimenuna kidogo.

Hongera sana, Baba. Sijui niseme nini zaidi. Wakikukabidhi chumba watakuwa wamepata mtu. Na hizo sarafu za Ijumaa ndizo mafungu ya wasomaji, zimekupata kihalali, usijiulize mara mbili. Nunua na viatu.

Kuhusu kipimo cha kura, usihangaike. Mtandao una mambo yake. Funguo za akaunti yako ninazo mimi na ziko salama. Ule ukurasa wa historia usiufungue kabisa, umejaa namba na herufi ndogondogo zitakazokuumiza macho bure, na miwani yenyewe ni mpya.

Nawapenda wote wawili.

Kitindamimba wako

---

9 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo mwili, ila roho imechafuka.

Tangu wiki mbili zilizopita ukurasa wa mbele wa chumba chetu umevamiwa na takataka. Ya kwanza kabisa leo inaitwa "Faida Kumi za Maji". Ina kura mia tatu na maoni hakuna. Wewe niambie, watu mia tatu wamependa kitu na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo? Nimeisoma. Faida ni nane, ya nne na ya tisa ni moja, na ya kumi haipo. Makosa ishirini na matatu. Mwandishi ameiokota mahali akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, kisha akaimwaga pale.

Fundi bomba aliandika makala nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Anaeleza alivyoitwa kwenye nyumba ambayo mafundi watatu walishavunja sakafu, yeye akaweka sikio ukutani, akagonga mara mbili kwa kipini cha bisibisi, akasema ni hapa. Niliipigia kura asubuhi ile ile. Kura yangu haikuisogeza hata hatua. Sasa iko ukurasa wa saba, wanakokwenda waliopotea njia.

Nikauliza chumbani kulikoni. Mwenzetu mmoja, dereva wa lori mwenye subira, akanieleza kuhusu roboti ya kura. Unaipelekea sarafu pamoja na makala yako, nayo inakupigia kura kwa wingi. Haisomi. Nikamuuliza, kura zenyewe inazitoa wapi? Akasema inazikodi kwa watu. Mtu anaipa ruhusa ya kutumia akaunti yake, yeye anakaa zake, na kila mwisho wa juma anapokea kodi. Jina lake linakwenda chini ya makala ambazo hajawahi kuziona.

Mwanangu, nilikaa na maneno hayo mpaka chai ikapoa. Nimewajua watu waliouza karatasi, waliouza wino, na mmoja aliyeuza baiskeli ya ofisi. Aliyeuza macho yake sijamwona.

Nimeamua kuandika. Makala yangu ya kwanza baada ya kusoma za wenzangu miaka miwili. Nitawataja kwa majina wote wanaokodisha kura zao, daftari si liko wazi? Wewe unajua kulichambua haraka. Nitolee orodha hiyo unitumie.

Baba yako

---

13 Machi

Shikamoo Baba,

Naandika kwa haraka, tuna kazi ya kukabidhi hospitali wiki hii.

Orodha itachukua muda. Lakini nakuomba usubiri, na ukiandika usitaje majina. Hujui kila mtu ana sababu gani. Huenda kuna aliyefanya hivyo kwa ajili ya mtu mwingine. Ukishachapa pale huwezi kufuta, wewe mwenyewe ulisema.

Tafadhali, Baba. Nisubiri nije likizo tuongee.

Kitindamimba

---

22 Machi

Binti yangu,

Sikukusubiri. Dereva wa lori alinitolea orodha, nikaiambatisha kwenye makala chini kabisa bila kuipitia. Mimi, Nukta, nimechapa kitu ambacho sijakipitia. Nilikuwa na hasira, na niliona majina ya wezi hayahitaji masahihisho.

Makala ilisomwa sana. Nilipongezwa siku mbili. Siku ya tatu fundi bomba akaniandikia faraghani, kwa adabu, kwamba samahani Mzee, nadhani kuna kosa, jina lako limo. Nikatazama. Ni la tisa.

Nikaufungua ule ukurasa wa historia. Kura mia nne na kumi na mbili tangu mwezi wa kumi na moja, zote zimepigwa wakati mimi nimelala. Ya "Faida Kumi za Maji" imo. Makosa ishirini na matatu, na chini yake jina langu.

Watu wanne wana habari hii hadi sasa, na kesho watakuwa chumba kizima. Funguo zangu anazo mtu mmoja tu duniani.

Nijibu kwa maandishi. Simu yako sitaipokea.

Baba yako

---

25 Machi

Baba,

Shikamoo. Ni mimi. Hakuna mdukuzi, hakuna hitilafu.

Mwezi wa kumi na moja Mama aliniambia miwani yako imeshikizwa kwa uzi wa kushonea, na kwamba unasogeza simu mpaka dirishani ili uone. Nilituma fedha, ukairudisha. Nikatuma tena kwa jina la Mama, ukairudisha na maneno juu. Nikakaa nikafikiri, ni kitu gani huyu mzee atakipokea? Ni kile tu alichokitolea jasho. Nikaona zile nguvu za kura zinakaa bure usiku. Nikaikodisha akaunti kwa roboti. Nilijiambia itatumia yanayobaki tu. Baadaye ikawa inachukua zaidi na wewe unaamka kwenye yaliyobaki. Nililiona hilo. Nililiona na nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa umeshaniandikia kuhusu daktari wa macho.

Fungu lako halisi la kusoma lingenunua sukari ya wiki. Sarafu za Ijumaa zilikuwa kodi.

Sikukuibia ili nile, Baba. Nilitaka utembee kifua mbele. Ulitembea, na mimi huku nilikuwa najivuna pamoja nawe, mpaka nikasahau kwamba nimekutengenezea.

Mkataba nimeuvunja leo. Funguo mpya zimo kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya hii, mimi sina nakala. Kura zilizopigwa hazifutiki. Lakini kuna njia. Waambie chumbani kwamba ulidukuliwa. Hutokea kila siku, hakuna atakayeuliza, na uchaguzi wa mwezi ujao utabaki palepale. Mimi nitathibitisha kama mtaalamu.

Nisamehe.

Binti yako

---

8 Aprili

Mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, mwiko umenizoea vidole. Naandika kwa sababu najua unamsubiri mwenzangu na yeye hatakuandikia sasa hivi. Ana kazi.

Barua yako aliisoma, mara ya kwanza kutoka mwisho kwenda mwanzo kama kawaida yake, akaikunja akaitia mfukoni. Siku mbili hakula vizuri. Nilimwambia, basi sema umedukuliwa, mtoto si amekupa njia. Akanitazama kama vile nimemwambia avue nguo barabarani. Nikamwambia, basi jitoe huko Uwanjani, tulime mchicha. Akasema gazeti likikosea halichomwi moto, linatoa sahihisho.

Siku ya tatu aliamka akachonga penseli nne. Amenunua daftari kubwa, amechora mistari, namba moja mpaka mia nne na kumi na mbili. Anazisoma zote, mwanangu. Zile takataka zote zilizopigiwa kura. Moja baada ya nyingine. Jana alikuwa kwenye mia na themanini na nane, inahusu namna ya kumbembeleza paka. Sisi paka hatuna.

Hata mezani anakuja na daftari. Lakini nimeishi naye miaka mingi, najua mgongo wa mtu aliyeshindwa na mgongo wa mtu aliye kazini. Huu ni wa kazini.

Na wewe nina hasira na wewe. Kula vizuri.

Mama yako

---

24 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujaniandikia, na sidai. Nimekuwa nakusoma.

Kila nikitoka kazini nafungua Uwanja na kutazama umefika wapi. Jana ulimaliza. Ile ya "Faida Kumi za Maji" nimeinakili kwenye karatasi:

"SAHIHISHO. Kura ya akaunti hii ilipigwa hapa bila mimi kusoma. Leo nimesoma makala yote, mara mbili. Haistahili kura yangu, na makosa yake ishirini na matatu nimeyaorodhesha hapa chini ili mwandishi ayatumie akipenda. Uzembe ulikuwa wangu. Nukta."

Nimehesabu. Umeandika hivyo mara mia tatu tisini na tatu. Mara mia tatu tisini na tatu umesema uzembe ulikuwa wako. Mimi umenitaja wapi? Hata kwa fumbo hukunitaja. Wapo wanaokucheka chumbani, nimewaona. Yupo aliyeandika kwamba mzee alikula kodi miezi mitano na sasa anajifanya mtakatifu. Hukumjibu. Ungemjibu kwa sentensi moja na yote yangeniangukia mimi, ambaye hakuna anayenijua pale.

Kwa nini, Baba?

Binti yako

---

1 Mei

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba.

Umeuliza kwa nini, nami nitakujibu kama ningemjibu mtu mzima, maana umeshakuwa mtu mzima.

Gazetini, jina la mpanga herufi aliyekosea halichapwi. Hata akiwa amekosea kwa kulewa. Kosa likishatoka mlangoni ni la gazeti zima, na anayetoa sahihisho ni yule ambaye jina lake liko juu ya ukurasa. Kura zile zilitoka na jina langu. Tena funguo za nyumba yangu niliziacha kwako nikaendelea kunywa chai, sikuuliza mpaka kura yangu ilipokuwa nyepesi. Huo si uzembe?

Lakini usidhani sikuumia. Ulinidanganya, na hilo limeniuma kuliko zile mia nne zote. Wiki zile nilizotembea mtaani na miwani yangu nikawasalimu watu kwa sauti kubwa, zilikuwa wiki nzuri kuliko nyingi, na wewe uliijua bei yake mimi sikuijua. Nilitaka kuivua ile miwani. Mama yako akaniuliza kama nitasoma makala mia nne kwa pua. Nikaivaa. Naivaa hadi leo, na sitajifanya kwamba siioni vizuri dunia kwa ajili yake. Kwa hiyo asante, na usirudie.

Sasa nikuambie kile ambacho hukukiona wakati unahesabu. Mia tatu tisini na tatu kutoka mia nne na kumi na mbili, zimebaki kumi na tisa. Kwenye hizo nimeandika sahihisho la namna nyingine: kwamba kura ilipigwa bila kusomwa, sasa nimesoma, na kura ibaki. Ni makala nzuri, mwanangu. Kuna muuguzi anayeandika jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumwaibisha. Kuna mtu wa mnara wa simu, anaeleza sauti ya upepo huko juu. Watu hawa walilipa roboti. Niliwauliza mmoja mmoja, nikiwa tayari kuwafokea. Wote walinijibu kitu kimoja kwa maneno tofauti: waliandika miezi na miezi, hakuna aliyekuja, wakachoka kusubiri kusomwa.

Na wa kumi na tisa ni fundi bomba. Ndiyo, yeye yule aliyenionyesha jina langu. Alinunua kura mara moja tu, kwa makala iliyofuata, ile ya sikio ukutani ilipozama. Roboti ikamuuzia kura yangu mimi, niliyekwisha kuwa mpenzi wake wa bure. Alilia kunieleza hayo. Nami nilikuwa nimeandika makala ndefu nikiwaita watu wa namna hiyo wezi.

Basi sikufoka. Sisi ndio tuliokuwa hatusomi. Roboti ilikaa kwenye kiti kitupu.

Jina langu kwenye uchaguzi nimeliondoa, nao wamesogeza siku hadi katikati ya mwezi huu. Badala yake tumepanga hivi, mimi na dereva na wale kumi na tisa: kila mmoja kila siku anakwenda ukurasa wa saba, anasoma makala tano, na haruhusiwi kupiga kura kabla ya kuandika maoni yanayoonyesha amefika mwisho. Ndugu na jamaa wa mwandishi hawapigi kura kabisa. Tumefikia watu arobaini. Kipimo cha kura yangu asubuhi kimejaa. Fungu langu la wiki iliyopita limenunua sukari, ulisema kweli, ikabaki ya kiberiti.

Sijawahi kujivunia kitu namna hii. Mwambie mwenzako anayetaka baba wa kubadilishana kwamba bei imepanda.

Baba yako

---

11 Mei

Shikamoo Baba,

Nitasema kwa ufupi nisije nikaghairi.

Leo nimefungua akaunti Uwanjani kwa jina langu halisi. Nimeandika makala moja. Inaitwa "Aliyekodisha Kura za Nukta ni Mimi". Nimeeleza yote, miwani na uzi, fedha zilizorudi, kura zilizopigwa ukiwa umelala, na kwamba wewe hukujua. Nimeeleza pia roboti inavyofanya kazi kwa ndani, hatua kwa hatua, ili mtu asiye mtaalamu aweze kutambua akaunti iliyokodishwa bila kusubiri aambiwe. Mkuu wangu kazini ataisoma, wenzangu wameshaisoma. Sikuinunulia hata kura moja.

Najua umesema kosa ni la gazeti. Lakini mimi si mpanga herufi wako, Baba. Mimi ni mwanao, nina jina langu na nimejifunza kulitumia kwako.

Sijui itafika ukurasa gani.

Binti yako

---

18 Mei

Mwanangu,

Hujambo. Sisi tu wazima kupita kiasi.

Makala yako ilianzia ukurasa wa saba, kama ya mtu yeyote mgeni. Huko ndiko muuguzi alikoikuta, kwenye zamu yake ya kusoma tano. Hakujua wewe ni nani mpaka alipofika katikati. Akaacha maoni marefu. Akaja mtu wa mnara, akaja dereva, akaja na yule aliyeniita mtakatifu wa kujifanya. Huyo ameandika neno moja, "Samahani", na kwa mtu wa tabia yake hiyo ni insha. Mpaka juzi maoni yalikuwa themanini na sita, na nimeyapitia yote. Hakuna aliyesema vizuri sana endelea. Wote wamesoma.

Jana uchaguzi ulifanyika. Walitaka kunirudisha, nikakataa tena, nikawaambia chumba kinahitaji mtu anayejua kusikiliza kitu kinachovuja nyuma ya ukuta. Wamemkabidhi fundi bomba. Na kura yake ya kwanza, yenye nguvu zote za chumba kizima, ameiweka kwenye makala yako, baada ya kuandika aya nne. Nikamwita mama yako aache jikoni aje. Tukaitazama wote wawili ikipita ukurasa wa sita, wa nne, wa pili. Ilipofika mbele ikaisukuma chini "Faida Kumi za Maji", na mama yako akapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeoza binti.

Mimi sikuipigia kura. Kanuni ni yangu mwenyewe na sitaivunja. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, sikufichi, na mama yako alinisukuma kiwiko mara mbili.

Lakini maoni ya ndugu hayajakatazwa. Nilifikiri sana niandike nini. Nilianza aya nikaifuta, nikaanza nyingine kuhusu mkato unaokosekana katika sentensi ya kumi na moja, nikaifuta na hiyo. Mwishowe nimeandika mstari mmoja tu, uko pale, na daftari lile halifutiki: "Nimesoma. Mwandishi ni binti yangu."

Baba yako